Chaji ya Elektroni Ilipimwa na Watu Wawili. Mbona Tulifundishwa Mmoja?

Chukua biro ya plastiki, isugue kwa nywele mara kumi, halafu isogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Vitaruka vyenyewe na kunata kwa biro. Nani hajawahi kucheza huu mchezo nyuma ya darasa mwalimu akiwa ameangalia ubao? Hiyo ndiyo chaji ya umeme, na ulikuwa nayo mkononi kabla hata ujue jina lake.

Halafu ukafika kidato cha pili, ukaambiwa uchore atomu. Duara katikati, protoni na nyutroni ndani, elektroni nje zinazunguka kama matatu kwenye raundabauti. Protoni chanya, elektroni hasi, nyutroni haina chochote. Baadaye ukapewa namba ya kukariri: chaji ya elektroni ni 1.6 × 10⁻¹⁹ kulombu. Aliyeipima? Robert Millikan, Marekani. Andika, funga kitabu, twende kwa mtihani.

Mimi leo nataka tukae na hiyo namba kidogo. Kwa sababu nyuma yake kuna kijana ambaye jina lake halikuwa kwenye kitabu chako. Na kile kilichompata, wasee wengi wa umri wetu kinawapata saa hii, hapa hapa mjini.

Tulikotoka: utomvu wa mti na bahati mbaya ya Franklin

Tuanzie mbali kidogo ndio mambo yashikane. Wagiriki wa kale walijua kwamba ukisugua kaharabu, yaani utomvu wa mti uliogeuka jiwe kwa miaka mingi sana, inavuta vitu vyepesi. Kaharabu kwa Kigiriki ni elektron. Mwaka wa 1600 daktari Mwingereza, William Gilbert, akachukua hilo jina akalipa hii tabia ya kuvuta. Ndipo neno elektriki linapotoka. Na ona hii: Waarabu nao wanaita umeme kahraba. Ni neno lile lile Waswahili wa pwani walilolichukua wakaita lile jiwe kaharabu. Yaani lugha mbili tofauti, jiwe moja.

Mwaka wa 1733 Mfaransa Charles du Fay akasema chaji ziko aina mbili. Ya aina moja zinasukumana, za aina tofauti zinavutana. Karibu 1747 Benjamin Franklin, kule Philadelphia, akazipa majina ambayo bado tunayo: chanya na hasi. Lakini yeye hakuwa na njia ya kujua ni kitu gani hasa kinachohama ukisugua kioo kwa hariri. Alikisia. Akasema kioo kinapata kitu cha ziada, basi kiwe chanya.

Alikosea upande. Kinachohama ni elektroni, na zinatoka kwa kioo kwenda kwa hariri. Ndiyo maana mpaka leo mwalimu anachora mshale wa mkondo wa umeme kutoka chanya kwenda hasi, halafu dakika tano baadaye anakwambia elektroni zinaenda upande ule mwingine, na darasa lote linabaki limeduwaa. Hukuwa mjinga. Ulikuwa unalipa deni la mtu aliyekisia miaka zaidi ya 250 iliyopita. Jina la kwanza likishakaa, kulitoa ni kazi. Shika hilo, tutalirudia.

Songa mpaka 1897. Cambridge, Uingereza, J. J. Thomson anapitisha umeme kwenye bomba la kioo lililonyonywa hewa. Anaona miali inayotoka upande hasi, na anaweza kuipinda kwa sumaku na kwa umeme. Akihesabu, anapata kwamba hiyo miali ni vipande vidogo mno, vyepesi kuliko atomu ya haidrojeni zaidi ya mara elfu. Atomu, ambayo watu walidhani ni kitu kisichogawanyika, ina vitu ndani yake.

Lakini Thomson alikuwa na nusu ya jibu. Alichopima ni uwiano: chaji kugawanywa kwa uzito. Ni kama kujua bei ya kilo moja ya nyanya bila kujua umenunua kilo ngapi, wala umelipa pesa ngapi. Ili upate uzito wa elektroni, lazima upate chaji yake peke yake. Na bila hiyo, kulikuwa na watu wenye akili zao waliosema pengine elektroni si kitu kimoja kimoja. Pengine chaji ni kama maji, unaweza kuigawa mpaka uchoke.

Chicago, 1909

Watu walijaribu kuipima kwa kutengeneza wingu la matone ya maji yenye chaji na kuangalia linavyoshuka. Shida ni kwamba maji hukauka. Unapima tone huku linapungua mbele ya macho yako, na mwishowe unapata wastani wa wingu zima, hujui lolote kuhusu tone moja.

Chuo Kikuu cha Chicago kulikuwa na Robert Millikan, mwenye miaka 41, mwalimu mzuri ambaye bado hakuwa ametoa ugunduzi wa kumfanya ajulikane duniani. Alikuwa anafanya kazi ya matone ya maji na mwanafunzi wake, Louis Begeman. Halafu akaja mwanafunzi mwingine kutoka jimbo la Utah, Harvey Fletcher, miaka 25, mtu wa ndoa, anayetafuta mada ya shahada yake ya udaktari.

Wazo la kuacha maji na kutumia mafuta lilitoka kwa nani? Hapa stori zinapishana. Millikan aliandika uzeeni kwamba lilimjia akiwa kwenye gari moshi akitoka mkutanoni Winnipeg, Kanada, mwaka wa 1909. Fletcher anasema walijadiliana pamoja juu ya kitu kisichokauka, halafu yeye ndiye aliyeenda dukani akanunua chupa ya kupuliza marashi na mafuta ya saa, akajenga chombo cha kwanza kwa mikono yake. Kwa maelezo yake, alipoweka jicho kwenye darubini aliona matone yanametameta kama nyota ndogo, na Millikan alipoitwa aangalie, alichangamka sana.

Namna chombo kilivyofanya kazi ni tamu, kwa hivyo usiruke hapa. Bamba mbili za metali zimelala moja juu ya nyingine, katikati pana nafasi ndogo. Unapuliza mafuta juu, tone moja moja linapenya kwenye kitundu cha bamba la juu. Kupulizwa tu kunalipa tone chaji, kama biro na nywele zako. Kwanza unaliacha lianguke lenyewe na unapima kasi yake. Kasi hiyo inakwambia ukubwa na uzito wake, kwa sababu hewa inalizuia. Halafu unawasha umeme wa volti maelfu kati ya zile bamba. Tone linasimama, linarudi juu. Ukipima kasi ya kurudi juu, unajua umeme unalivuta kwa nguvu gani, na kutoka hapo unajua lina chaji kiasi gani. Unaweza kukaa na tone moja kwa saa nyingi, linapanda, linashuka, na ghafla linabadilisha kasi kwa sababu limeokota chaji nyingine hewani.

Sasa, hiyo inakupaje chaji ya elektroni moja? Fikiria umesimama nje ya duka la jumla. Watu wanatoka na mifuko ya unga iliyofungwa, hujui ndani kuna pakiti ngapi, lakini una mizani. Wa kwanza kilo 4. Wa pili kilo 10. Wa tatu kilo 6, wa nne kilo 14. Unapima mia moja, hupati kilo 5 hata siku moja, hupati 7. Bila kufungua mfuko hata mmoja utajua: pakiti ni kilo mbili, na hazikatwi nusu. Matone yalifanya hivyo hivyo. Kila chaji ilikuwa namba moja ndogo mara mbili, mara tatu, mara tisa. Hakuna nusu. Chaji inakuja kwa pakiti, na pakiti hiyo ni elektroni.

Manze, kwa mafuta ya saa na chupa ya marashi, hawa wawili walithibitisha jinsi maumbile yanavyohesabu.

Mgeni nyumbani

Sasa stori inafika pale nilipotaka.

Mwaka wa 1910, kazi ikiwa iko tayari kuandikwa, Millikan alimtembelea Fletcher nyumbani kwake. Sheria ya chuo ilikuwa kwamba mwanafunzi anaweza kutumia makala iliyochapishwa kama tasnifu yake, mradi jina liwe lake peke yake. Utafiti ule ulikuwa unatoa makala kadhaa. Millikan akaweka pendekezo mezani: makala moja iwe ya Fletcher pekee, nyingine, ile ya chaji ya elektroni, iwe ya Millikan pekee.

Fletcher alielewa haraka nini kinaendelea. Alikuwa amefikiri majina yao yangekaa pamoja. Lakini yule aliyekuwa mbele yake ndiye msimamizi wake, mwenye maabara, na mwenye ufunguo wa shahada. Akakubali. Yeye akapata makala kuhusu mwendo wa kutikisika kwa chembe ndogo hewani, kazi nzuri kabisa, na 1911 akapata shahada yake kwa heshima ya juu. Millikan akachapisha makala ya chaji kwa jina lake. Mwaka wa 1923 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, kwa kazi hiyo ya chaji na nyingine ya mwanga na umeme.

Fletcher alinyamaza maisha yake yote. Aliandika maelezo yake, akamwachia rafiki, akaagiza yasichapishwe mpaka afe, ili mtu asiseme anatafuta faida. Alifariki 1981 akiwa na miaka 96. Maelezo yakatoka 1982. Na hakutukana mtu. Alisema hana kinyongo.

Usimhurumie sana, kwa sababu hakukaa akilia. Alienda maabara za Bell na kuwa mmoja wa watu wakubwa zaidi katika sayansi ya sauti na usikivu. Mwaka wa 1933 timu yake ilirusha muziki wa okestra ya Philadelphia mpaka ukumbi wa Washington kwa sauti ya stereo. Kwa hivyo saa hii ukiweka ngoma masikioni, gita likalia kushoto na kayamba ikajibu kulia, unafaidi kazi ya mtu ambaye kitabu chako cha fizikia hakikumtaja.

"Lakini si alikubali?"

Najua mtu atasema hivyo, na ni hoja nzito, kwa hivyo nisiikwepe. Alikubali, ndio. Na Millikan hakuwa mwizi wa kuingia usiku. Maabara ilikuwa yake, swali lilikuwa lake kabla Fletcher afike, na baada ya Fletcher kuondoka aliendelea kuboresha vipimo kwa miaka. Ile namba maarufu ya 1913 ni jasho lake. Anayesema Millikan hakufanya kitu anadanganya kama yule anayesema Fletcher hakuwepo.

Swali langu ni dogo. Kukubali maana yake nini pale ambapo ukikataa hupati cheti? Fletcher angesema zii, angeenda wapi? Makubaliano ya mtu mwenye kila kitu na mtu mwenye haja yanaweza kufuata sheria na bado yakaacha ukweli umekatwa nusu. Na nusu iliyobaki ndiyo inayoingia kwa vitabu.

Kuna wanaosema ndivyo mambo yalivyokuwa zamani, watu hawakujua. Si kweli. Pima na Manchester, mwaka huo huo wa 1909. Ernest Rutherford, mkubwa wa fizikia pale, ambaye tayari alikuwa na Nobel ya Kemia ya 1908, alikuwa na msaidizi Mjerumani, Hans Geiger, na mwanafunzi wa miaka 20 ambaye hata shahada ya kwanza hajamaliza, Ernest Marsden. Rutherford akasema huyu kijana apewe kazi: arushe chembe za alfa kwenye bamba jembamba la metali, aone kama kuna zinazorudi nyuma. Hakuna aliyetarajia. Wakati huo atomu ilidhaniwa kuwa kama keki, chaji chanya imesambaa kote na elektroni zimechomekwa ndani kama zabibu. Keki haiwezi kurudisha risasi.

Zikarudi. Chache, karibu moja kati ya 8,000, lakini zilirudi. Kutoka hapo Rutherford alifikiri karibu miaka miwili, na 1911 akatangaza kwamba atomu ina kiini: chaji yote chanya na karibu uzito wote umebanwa mahali padogo sana katikati, na sehemu kubwa ya atomu ni nafasi tupu. Lile duara la katikati ulilochora kidato cha pili lilizaliwa hapo.

Lakini angalia majina. Makala ya 1909 yenye matokeo ya kushangaza ni ya Geiger na Marsden. Rutherford hakujiweka. Makala ya 1911 yenye maelezo ni ya Rutherford, na ndani anawataja waliofanya kipimo. Mwaka wa 1915 Marsden alipewa uprofesa New Zealand, kwa pendekezo la Rutherford huyo huyo. Kwa hivyo iliwezekana. Mkubwa anaweza kumwacha kijana ashike kazi yake na bado yeye akabaki mkubwa. Hakupungukiwa na kitu.

Heshima ikizidi, hata namba inapinda

Kama unadhani hili ni suala la hisia za mtu mmoja tu, sikiliza. Katika makala yake ya 1913 Millikan aliweka matokeo ya matone 58, akasema ni matone yote yaliyopimwa kwa siku 60 mfululizo. Miaka mingi baadaye wanahistoria walifungua madaftari yake wakakuta alipima matone zaidi ya 100 katika kipindi hicho, mengine akayaacha nje. Mengi yalikuwa na sababu halali, chombo hakijatulia au kipimo kimekatika, na waliorudia hesabu walipata kwamba kuyaingiza kusingebadilisha jibu sana. Ila ile sentensi ya "yote" haikuwa kweli.

Tena, jibu lake lilikuwa chini kidogo, kama asilimia 0.6, kwa sababu namba aliyotumia kwa unene wa hewa haikuwa sawa. Kosa la kawaida, halina aibu. Kilichofuata ndicho cha kujifunza. Mwaka wa 1974 mwanafizikia Richard Feynman aliwaambia wahitimu wa Caltech waangalie vipimo vya waliokuja baada ya Millikan: vilipanda kidogo kidogo badala ya kuruka mara moja kwenye namba sahihi. Maelezo yake ni kwamba mtu akipata jibu lililo mbali na la Millikan, alidhani amekosea yeye, akatafuta sababu ya kulitupa. Akipata lililo karibu, hakuuliza maswali. Kumbe jina kubwa lilikuwa na mvuto kama chaji. Leo namba yenyewe imekazwa rasmi tangu Mei 2019: 1.602176634 × 10⁻¹⁹.

Hapo ndipo nasema kumficha Fletcher na kuipinda namba ni ugonjwa mmoja. Tunapozoea kwamba ukweli una mwenyewe mmoja, mkubwa, tunaacha kuangalia kazi na tunaanza kuangalia jina.

Basi sisi?

Wewe ni intani, umehariri video wiki nzima, inatoka kwa jina la bosi. Umetengeneza biti, wimbo umevuma, kwenye maelezo kuna msanii tu. Umekusanya data ya mhadhiri ukizunguka kaunti tatu kwa nauli yako, makala inatoka na wewe uko kwa shukrani, mstari wa mwisho, jina limeandikwa vibaya. Ukiuliza unaambiwa shukuru umepata eksipiriensi.

Sitakwambia uache kazi au utukane mtu mtandaoni. Fletcher alihitaji ile shahada, na wewe unahitaji hiyo rekomendesheni. Lakini yeye alijua mgawanyo wa majina baada ya kazi kuisha, wakati hakuwa na nguvu tena. Kwa hivyo uliza mwanzo kabla hujashika mashine: jina langu litakaa wapi? Uliza kwa adabu, kwa ujumbe ulioandikwa. Weka daftari lako na tarehe. Maelezo ya Fletcher yana uzito leo kwa sababu aliandika.

Na walimu wetu, nawaheshimu, naomba kitu kimoja. Mkifika kwa ile namba ya kulombu, andikeni ubaoni majina mawili, Millikan na Fletcher. Haiongezi hata dakika moja kwa somo. Franklin alikosea jina moja, na tumebeba ule mshale wa nyuma mbele mpaka leo kwa sababu hakuna aliyetaka shida ya kuubadilisha. Hili la Fletcher ni rahisi zaidi. Ni chaki tu.